Dada wa Mbale, weka hiyo sindano chini kwanza

Umeandika kwamba mama ana kisukari, PET yake, ile picha ya kutafuta saratani mwilini, ni Alhamisi huko Nairobi, mnapanda basi la usiku, na kuna mtu kakwambia "ukiona sukari imepanda asubuhi, mdunge insulini, itashuka tu." Mtu huyo namjua. Si yeye hasa, ila wangu alikuwa na maneno hayohayo, na kamisheni nikamlipa.

Mwaka juzi nilimpeleka mzee wangu. Wakala aliyetupangia safari alisema kufunga kabla ya picha ni kuacha posho (ugali) na matoke, chai ni maji. Basi tulipofika Nakuru mzee akanywa chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu, na mkorogaji ni mimi. Saa sita kasoro nikampima sukari: 16 (mmol/L). Vituo vingi vikiona imepita 11 hivi vinakurudisha. Nikampigia wakala. "Mdunge, wao wanaangalia namba tu." Nikamdunga chooni pale stendi, mlango nimeubana kwa goti. Saa nane kipimo kikasoma 8. Nikajiona profesa. Muuguzi akauliza, "Mzee amedungwa insulini leo?" Nikajibu hapana, upesi kama dereva wa boda mbele ya trafiki.

Sasa sikia nilichokuja kuelezwa baada ya pesa kwenda. Ile dawa wanayodunga, FDG, ni glukosi iliyopachikwa florini-18. Seli inaipokea ikidhani ni sukari ya kawaida, inashindwa kuimalizia, inabaki nayo ndani huku ikitoa mionzi, na mashine inaona. Saratani nyingi ni walafi wa sukari, ndiyo maana zinawaka. Lakini insulini kazi yake ni kuifungulia misuli milango ili sukari iingie, na hiyo FDG nayo. Nilimfungulia yote! Mzee anayepumzika mara mbili kwenye ngazi za kanisa, picha ikamwonyesha na mapaja ya Cheptegei yule mkimbiaji. Kivimbe cha pafuni tulichokifuata Nairobi kimefifia kabisa. Daktari akasema hapa hakuna cha kusoma.

Na dozi ile ya FDG huwezi kusema tuiweke friji, kila dakika 110 nusu yake imekwisha. Ningesema ukweli wangetuahirisha kabla ya kuidunga. Tukalipa upya wiki iliyofuata, na ng'ombe wawili wa mama wakaondoka zizini. Wakala simu yake haipatikani mpaka leo. Nikimkuta Malaba tutaongea Kiswahili cha mpakani.

Kwa hiyo piga simu mwenyewe, kwa wale wanaopiga picha, si kwa wakala wala kwa binamu mwenye duka la dawa. Waambie mama anatumia insulini gani, saa ngapi, na kama anameza metformini, kidonge cha kisukari, kwa kuwa hiyo nayo huyafanya matumbo yawake kwenye picha. Usimwachishe dawa kwa akili yako pia, utamlaza njiani. Wao ndio watakupangia saa. Ndani ya basi ni maji matupu, na mkoba wa chakula ushike wewe, wazee wana mbinu.

Mjukuu asipakatwe na bibi siku hiyo kwa sababu ya ile mionzi, asubiri kesho yake.

Namba yao iko kwenye karatasi ya miadi, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi. Piga leo, Jumatano mtakuwa mmeshafunga mizigo.