Data yenye viungo vingi: hesabu hatua kabla ya kuchagua kanzidata

Mkuu, umesema una akaunti, simu, anwani za IP na uhamisho wa fedha, unataka kubaini akaunti za matapeli zilizounganika kupitia akaunti za kati, na unasita kati ya kanzidata tatu: MongoDB (ya hati, yaani rekodi moja moja), Cassandra (ya majedwali makubwa) na Neo4j (ya grafu, yaani vitu na viungo vyake). Anza na karatasi. Andika maswali kumi ambayo mfumo utaulizwa kila siku, na pembeni ya kila swali andika litapita hatua ngapi toka kitu kimoja hadi kingine. Data karibu zote zina viungo. Kinachoamua ni maswali yako yanatembea umbali gani juu ya viungo hivyo.

Yakiishia hatua moja au mbili, mfano "akaunti hii imetumia simu zipi", MongoDB inatosha kabisa. Ila usirundike viungo kwenye orodha ndani ya hati moja: hati haiwezi kuzidi MB 16, na kabla hujafika huko kila badiliko dogo litakuwa limeshakuwa zito. Tenga mkusanyo (kundi la hati) wa viungo, kila kiungo hati yake yenye kutoka, kwenda, aina na tarehe, kisha weka indeksi mbili (orodha za kutafutia haraka), moja ya kutoka na nyingine ya kwenda. Hiyo ya pili husahaulika sana, na swali la kurudi nyuma huishia kusoma mkusanyo mzima. Ipo amri ya MongoDB, $graphLookup, ya kutembea hatua zaidi, lakini inakupa orodha ya ulivyovifikia na kina chake, haikupi njia yenyewe. Kwenye utapeli, njia ndiyo ushahidi.

Cassandra ni hodari wa kuandika data nyingi kwa kasi. Haiunganishi majedwali, kwa hiyo kila hatua ni ombi jipya kutoka kwenye programu yako. Itunzie kumbukumbu za miamala, usiitembeze.

Kuanzia hatua tatu, au pale kina hakijulikani, nenda kwenye grafu. Katika Neo4j nodi (kitu kimoja, mfano akaunti au simu) inaelekeza moja kwa moja kwenye viungo vyake, hivyo kuhamia kwa jirani hakuhitaji kutafuta kwenye indeksi. Gharama inafuata eneo uliloligusa, si ukubwa wa kanzidata nzima. Hata hivyo, hakuna kanzidata inayofuta kuzidisha. Nodi zikiwa na majirani 50 kwa wastani, hatua ya pili ni 2,500, ya tatu 125,000, ya nne 6,250,000. Basi taja aina ya kiungo na uweke kikomo, `[:ALIMTUMIA*1..4]` (hatua moja hadi nne), kamwe usiache nyota peke yake. Tena Neo4j inakataza kiungo kurudiwa ndani ya njia moja, haikatazi nodi kurudiwa, kwa hiyo kwenye kundi lililosongamana itahesabu kila njia inayowezekana. Ukitaka tu kujua kama A anamfikia B, tumia `shortestPath`, inayotafuta njia fupi zaidi.

Adui mkubwa zaidi ni nodi yenye viungo kupita kiasi. Anwani ya IP inayotumiwa na mtandao mzima wa simu itafanya kila akaunti ionekane ndugu wa kila akaunti: majibu yanakuwa ya polepole na ya uongo kwa pamoja. Nchi, jinsia na hali ya akaunti zisiwe nodi, ziwe sifa. Kwa IP, weka tarehe kwenye kiungo na uchuje kwa dirisha la muda, au gawa nodi kwa siku, na uziruke zile zilizovuka idadi fulani ya viungo.

Kupakia data ndiko wengi hukwama. Sharti la upekee litangulie data:

`CREATE CONSTRAINT akaunti_id FOR (a:Akaunti) REQUIRE a.id IS UNIQUE;`

Bila hilo, kila MERGE (amri inayotafuta kitu na kukiunda kisipokuwepo) inapitia nodi zote za lebo hiyo, yaani aina ya nodi, na maombi mawili ya kuandika kwa wakati mmoja yanaweza kuzaa nakala mbili za akaunti moja. Fanya MERGE ya kila nodi peke yake, kisha ya kiungo. Ukiandika umbo zima (nodi mbili na kiungo chao) kwenye MERGE moja na kipande kimoja tu kikakosekana, itajaribu kuunda umbo lote upya. Pakia kwa mafungu ya mistari kama 10,000. Kupakia vyote kwa mkupuo mmoja hujaza RAM na kuanguka. Viungo viandikwe na mchakato mmoja wa programu kwanza, maana miwili inayogusa nodi zilezile hufungiana milango.

Grafu ikae kwenye RAM kadiri inavyowezekana. Baada ya kupakia, angalia ukubwa wa folda ya data, ongeza nafasi ya ukuaji, kisha uweke `server.memory.pagecache.size`, kiasi cha RAM cha kushikilia data. Matembezi ya grafu hurukaruka, na yakianza kugusa diski kasi inaporomoka. Ndiyo maana RAM kwenye seva moja huja kabla ya kugawa grafu kwenye seva nyingi: kila kiungo kinachovuka seva kinageuka safari ya mtandao. Toleo la Community la Neo4j lenyewe halina klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi pamoja), na nakala ya akiba huchukuliwa kanzidata ikiwa imesimamishwa; panga muda huo mapema.

Usihamishe kila kitu. Miamala ibaki kwenye kanzidata kuu, grafu ibebe vitambulisho, viungo na sifa chache zinazochuja matembezi.

Ukifika kwenye majaribio, usichukue mistari kwa bahati nasibu: viungo vitakatika, grafu itaonekana nyepesi na kila kanzidata itafaulu. Chagua akaunti chache, ikiwemo ile yenye viungo vingi kuliko zote, fuata majirani zake hadi hatua nne, pakia eneo hilo lote, kisha endesha maswali yako kumi kwa PROFILE, amri ya Neo4j inayoonyesha kazi iliyofanyika, na usome idadi ya db hits (mara data ilivyoguswa) kabla ya kusoma sekunde.