Orodha ya wanaoingia hujra: kwa wanaoanza uhamasishaji jamii Afghanistan

Mdogo wangu, nimesikia umepata nafasi ya uhamasishaji jamii kwenye makazi ya wakimbizi wa ndani Afghanistan, au pengine bado unaisomea na unaitamani. Niliifanya kazi hiyo miaka minne, Kabul kwanza na kisha Herat, nikaondoka 2021. Wenzangu waliobaki tunaongea karibu kila wiki. Namna ya kuendesha kikao, kuchora ramani ya jamii na kujaza ripoti utafundishwa. Mimi nataka kukueleza habari ya orodha na habari ya ulimi wako, kwa sababu humo ndimo nilimokosea, na aliyeumia kwa kosa langu hakuwa mimi.

Kwanza ujue unakwenda kwa nani. Kwa Kidari, mojawapo ya lugha kuu za nchi hiyo, mkimbizi wa ndani anaitwa bejashoda, yaani aliyeachwa bila mahali. Ndani ya neno hilo moja kuna watu wengi wasiofanana. Charahi Qambar, magharibi mwa Kabul, walijaa watu waliokimbia vita vya mkoa wa Helmand. Nasaji Bagrami, upande wa pili wa jiji, waliokimbia vita waliishi ukuta kwa ukuta na waliorudi kutoka Pakistan. Shaydayee, nje kidogo ya Herat, ilifurika baada ya ukame wa 2018, ambao uliwang'oa zaidi ya watu laki mbili magharibi mwa nchi, wengi wao wakulima na wafugaji wa mikoa ya Badghis na Ghor. Huyu alikimbia mabomu, yule alikimbia shamba lililokauka na karadha iliyomzidi. Ukiwasalimia wote kwa dodoso moja, wote watakujibu kile wanachodhani unataka kukisikia.

Na wanajua unachotaka kukisikia. Mashirika huwagawa watu kwa majina: aliyehama karibuni ana msaada wake, aliyerudi kutoka nje ana wake, aliyekaa miaka kumi mara nyingi hana chochote. Kwa hiyo mtu aliyekaa miaka kumi atakwambia amefika mwezi uliopita. Usimwite mwongo. Sisi ndio tuliompangia mlango, naye anatafuta namna ya kupita akiwa na watoto sita nyuma yake.

Utajiuliza pia kwa nini mahali ambapo watu wamekaa miaka kumi bado ni kuta za udongo zilizoezekwa maturubai na kukandamizwa kwa matairi chakavu. Jibu ni ardhi. Ni ya mtu binafsi au ya serikali, na wakubwa wa mji waliogopa kwamba ukichimba kisima au ukijenga darasa, watu hawataondoka tena. Ndiyo maana maji yaliletwa kwa maboza na vyoo vikawa vya muda mwaka hadi mwaka. Mwishoni mwa 2013 serikali ya wakati huo ilipitisha sera iliyompa mkimbizi wa ndani haki ya kuchagua: arudi kwao, ahamie kwingine, au abaki pale alipo. Kwenye karatasi ilikuwa sera nzuri. Vichochoroni sikukutana na mtu aliyepata kiwanja kwa ajili yake. Ninakwambia haya ili usije ukasimama mbele ya watu ukatamka neno ardhi kama kwamba unalo mfukoni.

Sasa orodha. Vuli moja Kabul tuliandaa mgao wa blanketi na fedha za kununulia kuni. Kila mtaa wa namna ile una namayanda, mwakilishi wa wakazi, na wetu alikuwa mzee makini mwenye maneno machache. Nilimwomba majina ya kaya zenye shida zaidi. Akanipa siku iliyofuata, yameandikwa kwa mwandiko safi: jina, jina la baba, jina la babu. Nilifurahi sana. Nikafuata utaratibu, orodha ikasomwa msikitini baada ya alasiri na ikabandikwa ukutani, tukasubiri malalamiko siku tatu. Hakuna aliyelalamika. Nikaandika kwenye ripoti kwamba jamii imeridhia.

Siku ya mgao waliokuwa kwenye mstari walichukua na wakaondoka. Kando ya ukuta walisimama wanawake kumi na mmoja ambao hawakuwa kwenye mstari wowote. Walikuwa wajane, na wake wa wanaume waliokwenda kutafuta kazi Iran na kunyamaza huko. Nyumba zao zilikuwa upande wa chini, karibu na mtaro, pamoja na familia kadhaa za Jogi, watu ambao majirani wenyewe huwadharau na ambao wengi wao hawana tazkira, kile kitambulisho cha taifa.

Nilimlaumu mzee moyoni kwa wiki nzima, na nilikosea. Yeye hakuuza nafasi wala hakuwapendelea nduguze. Aliandika watu anaowafahamu, na anaowafahamu ni wale wanaokaa naye hujra, chumba cha wageni ambamo wanaume wa Kipashtuni, watu wa mojawapo ya makabila makubwa ya kule, hukutana jioni, hunywa chai na kupanga mambo. Mjane haingii hujra. Mjogi hakaribishwi. Msikitini wanawake hawakuwepo kuisikia orodha ikisomwa, na ukutani hawakuweza kuisoma. Utaratibu wangu wote ulipita mahali ambapo wao hawapiti. Ilikuwa orodha ya wanaoingia hujra, nami nikaiita orodha ya wenye shida.

Jioni ile mwenzangu wa kike, Mpashtuni aliyekulia mtaa wa karibu, alinichukua hadi nyumba ya mmoja wao. Kaka wa yule mjane alikuwepo, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia. Kulikuwa na sandali katikati ya chumba. Hii ni meza fupi ambayo chini yake huwekwa chombo cha makaa na juu hufunikwa mfarishi mzito, familia ikaingiza miguu humo kuota joto. Tukakaribishwa tuingize miguu. Nikaingiza pamoja na watoto. Kulikuwa baridi kama nje. Mfarishi ulitandikwa vizuri, meza ipo, chombo kipo, makaa hayapo. Wakati wa mchana watoto walikuwa wakiokota chupa za plastiki na viatu vilivyotupwa ili wavichome kwenye jiko, na ukutani moshi ulikuwa umeacha weusi unaonata. Mama akatumiminia chai ya kijani, glasi tatu, mimi, mwenzangu na kaka yake.

Nilifungua mdomo kusema, "Inshallah tutalishughulikia." Mwenzangu alinikatiza kabla sijamaliza neno la kwanza. Akamwambia yule mama kwa Kipashto kwamba blanketi zimekwisha, kwamba kosa ni letu, kwamba hadi mwisho wa mwezi hatuna kitu, na kwamba kesho yeye mwenyewe atakuja kuandika nyumba za mtaroni moja moja. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema afadhali, kwa sababu wote waliotangulia walimwambia inshallah na akakaa akingoja badala ya kwenda kukopa. Neno langu la huruma lingemgharimu wiki tatu za baridi. Na baridi ya Kabul si ya kuvumiliwa kwa shuka mbili: jiji liko mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwanzoni mwa 2012 watoto walikufa kwa baridi ndani ya makazi haya, katika jiji lililojaa ofisi za misaada.

Nimelitumia neno inshallah tangu utotoni Tanga, nalo ni zuri na ni la kweli. Ukiwa umeshika daftari la shirika, lisindikize na tarehe, kiasi, na jina la anayeamua. Kama huna hivyo vitatu, sema hujui. Utaona haya mara ya kwanza. Baadaye utaona watu wanakuja kukuuliza wewe kuliko wenye magari makubwa, kwa sababu jibu lako wanaweza kulipangia siku yao.

Kesho yake orodha ya mtaroni ilianza kwa mtoto. Mwenzangu alimtafuta kijana wa miaka kama tisa aliyekuwa akichotea watu maji kwa mkokoteni. Akamkalisha chini na vizibo vya chupa, akamwambia aweke kizibo kwa kila mlango anaopeleka maji, kisha kwa kila mlango ambao hapeleki kwa sababu hawana cha kumlipa. Vizibo vya pili ndivyo tulivyovifuata. Tangu siku hiyo sijaanza orodha yoyote bila kumuuliza mtu anayebisha hodi kila nyumba: muuza mkate, mchota maji, mkunga. Mzee namayanda tulimrudia mwishoni, tukamwonyesha tulichopata, akaongeza kaya mbili ambazo hata sisi tulizikosa.

Kuhusu majina ya wanawake, nenda polepole. Sehemu nyingi mwanaume hataji jina la mkewe mbele ya watu; atasema mama wa fulani, kama tunavyofanya kwetu, ila kule kulitaja kunaweza kuchukuliwa kama kumvunjia heshima. Wanawake wa Kiafghani wenyewe walianzisha kampeni kuhusu jambo hilo mwaka 2017, na Septemba 2020 sheria ikabadilishwa ili jina la mama liandikwe kwenye tazkira. Kwako wewe mwenye daftari maana yake ni hii: mwanaume asimuulize mwanaume jina la mkewe hadharani. Mwanamke amuulize mwanamke, ndani, na aeleze jina litakaa wapi na nani ataliona.

Na hapo ndipo kazi imebanwa leo. Tarehe 24 Desemba 2022 watawala wa Taliban walipiga marufuku wanawake kufanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali, na Aprili 2023 marufuku ikafika hadi Umoja wa Mataifa. Kwenye afya na elimu kuna nafasi zilizobaki, na maeneo mengine wakubwa wa pale hukubali wakizungumzwa nao vizuri, mwanamke akifuatana na maharimu wake, yaani mume au ndugu wa kiume wa karibu. Wenzangu kadhaa wanafanya kazi kwa simu wakiwa nyumbani, wanapigia wanawake wanaowafahamu kwa sauti. Ukifika, walinde hawa. Mishahara yao isikatwe kwa kisingizio kwamba hawaonekani ofisini. Na tafadhali, usijaze nafasi yao na wanaume watatu kisha ukaweka alama kwenye kisanduku cha "wanawake walishirikishwa." Yule mama wa sandali hangefungua mlango kwa wanaume watatu.

Lugha usiiogope. Utakuta maneno mengi ya nyumbani: habari, wakati, dunia, sabuni, kitabu, bustani, hata pilau. Ila yatakuchezea. Kaka kwao ni ndugu wa kiume wa baba, kwa hiyo usishangae kijana akimwita hivyo mzee mwenye mvi. Jifunze salamu za kazi mapema. Kwa Kidari ukimkuta mtu anachimba unamwambia manda nabashi, usichoke, naye hujibu zenda bashi, uishi. Kwa Kipashto ni staray ma she, na jibu ni khwar ma she, usiwe fukara. Ni pole na kazi yetu kabisa. Zimenifungulia milango mingi kuliko kitambulisho nilichovaa shingoni.

Wana pia hashar, kazi ya pamoja isiyo na malipo, ndugu wa msaragambo wa kwetu. Kabla theluji haijayeyuka wataitana kuzibua mitaro bila wewe kuwahimiza. Usiilipe. Shirika moja lililipa, na mwaka uliofuata mitaro ilibaki imeziba watu wakimngoja mlipaji.

Vyoo viulize kwa wanawake kabla havijajengwa. Sisi tulijenga safu moja milango ikitazama njia ambapo wanaume hukaa kuota jua. Wanawake walingoja giza liingie ndipo waende. Sanduku la maoni lilikuwa hapo hapo, tupu miezi minne, kwenye mtaa ambao wengi hawajui kuandika. Tuligeuza milango baada ya mkunga kumnong'oneza mwenzangu.

Unakwenda wakati mgumu. Tangu Novemba 2023 Pakistan imewarudisha Waafghani kwa malaki kupitia vivuko vya mpakani vya Torkham na Spin Boldak, na mwaka 2025 zaidi ya milioni moja walirudi kutoka Iran, wengi kwa kufukuzwa. Kuna vijana waliozaliwa Peshawar kule Pakistan au Mashhad kule Iran ambao wanaambiwa wamerudi nyumbani, na nyumba hiyo hawajawahi kuiona. Wataingia kwenye vichochoro vile vile, kando ya wale wa zamani, na orodha zitaanza upya.

Jambo la mwisho ni kuondoka. Mradi wetu Herat ulipokaribia kwisha, tulipita nyumba kwa nyumba miezi miwili kabla, tukataja tarehe. Mzee mmoja aliuliza nani atatengeneza pampu ya mkono. Nikamwambia hatujapata shirika. Kuna sanduku la spana na vipuri, na watu watatu waliofundishwa. Akataka majina yao yaandikwe kwenye ukuta wa pampu, ili mtu asije akasema sanduku halina mwenyewe. Mafundi wawili tuliwaandika kwa rangi ya bluu, jina, jina la baba, jina la babu. Wa tatu alikuwa mjane aliyetunza ufunguo. Mwanawe alikuja mbio kabla brashi haijakauka, ametumwa na mama yake: jina lake lisiandikwe, ila watu wajue pa kwenda. Tukaandika "Ufunguo: mlango wa kijani."