Samaki wapya wanakufa siku ya pili: wazoeshe tangi hivi

Unasema maji ni meupe kabisa, uliwamimina samaki pamoja na maji ya mfuko, na kesho yake wawili wakafa. Weupe wa maji hauthibitishi kitu, maana amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, haionekani. Pima kwanza: amonia na nitraiti (sumu nyingine, ambayo amonia hugeuka kuwa) zisome 0. Tangi likiwa halijafikisha wiki 4 hadi 6, huenda bakteria wa kwenye chujio wanaoondoa sumu hizo bado ni wachache, na hapo hata uwazoeshe samaki vipi, wanaweza kufa.

Safari nyingine zima taa ya tangi, uache mfuko uelee ukiwa bado umefungwa kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ufungue, uongeze nusu kikombe cha maji ya tangi kila dakika 5 mpaka maji ya mfukoni yawe maradufu. Watoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje. Yana uchafu, pengine na vimelea.

Ila waliosafiri saa nyingi usiwakawize hivyo. Mfuko ukiwa umefungwa, kaboni dioksidi wanayoitoa huongeza asidi, na asidi hiyo huipunguza amonia makali. Ukifungua, gesi hutoka, asidi hupungua, amonia inageuka sumu kali papo hapo. Hao linganisha joto tu, fungua, uwahamishe mara moja.

Usiwape chakula siku hiyo. Wakijificha, waache. Wakitweta juu ya maji, badilisha robo ya maji kwa mengine ya joto lilelile, yaliyoondolewa klorini.