Maswali na Majibu: Gadi Mfupi Aanze, au Atokee Benchi?

Wiki iliyopita niliandika kwamba Isaiah Thomas, gadi (mchezaji wa nyuma anayeuleta mpira) wa Boston Celtics katika ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, sentimita 175, alistahili kuanza kila mechi msimu wa 2016–17. Wengi hamkukubali. Nimechagua maswali machache.

Mkuu, unamkuza bure. Mtu wa kimo kile ni wa benchi. Aingie robo ya pili, achangamshe mchezo, atoke. (Mwanza)

Boston yenyewe ilianza hivyohivyo. Alipohamia kutoka Phoenix Februari 2015, kocha Brad Stevens alimwingiza akitokea benchi katika mechi zake zote 21 za msimu wa kawaida. Hoja yako ina mashiko: akitoka benchi anakutana na kikosi cha pili cha wapinzani, na udhaifu wake wa kukaba haupati muda wa kuadhibiwa. Lakini miaka miwili baadaye alikuwa anafunga wastani wa pointi 28.9, wa tatu katika ligi nzima nyuma ya Russell Westbrook na James Harden, na timu ikamaliza kileleni mwa kanda ya Mashariki kwa ushindi wa mechi 53. Mfungaji wa namna hiyo humpunguzii dakika kwa sababu ya futikamba.

Sawa, aanze. Sasa anamkaba nani? (Nairobi)

Hapa ndipo penye kazi. Swali la kuanza au kutoanza mimi naliona dogo. Kubwa ni nani anasimama pembeni yake. Boston ilikuwa na Avery Bradley na Marcus Smart, wakabaji wakali. Mmoja wao alimchukua gadi hatari wa wapinzani, Thomas akapelekwa kwa yule asiyetisha sana, mara nyingi kule kwenye kona.

Wapinzani nao si wajinga. Wanamwita huyo mtu wa kona aje kuweka skrini (kusimama njiani kumzuia mkabaji), ili Thomas ajikute ana kwa ana na staa wao. Dawa ni kujitokeza kidogo, kumchelewesha mwenye mpira, kisha kukimbia kurudi kwa mtu wako kabla hajapata pasi. Inawezekana, ila inachosha, na wenzako wanne lazima wawe macho. Mbele ya LeBron James, staa wa Cleveland wakati huo, kosa la nusu sekunde ni kikapu.

Wanaompinga Thomas hupenda kunikumbusha fainali ya Mashariki ya 2017: aliumia nyonga mechi ya pili, halafu Boston ikaenda Cleveland bila yeye na kushinda ya tatu, Smart akifunga pointi 27. Kweli tupu. Kweli pia kwamba ndiyo pekee waliyoshinda, wakatolewa 4-1.

Kwa nini asichezeshwe namba mbili, gadi wa kufunga? Yule ni mfungaji, si mgawaji. (Dar es Salaam)

Swali zuri kuliko yote. Kocha Larry Brown alifanya hivyo Philadelphia kwa Allen Iverson, sentimita 183: akamkabidhi Eric Snow mpira na jukumu la kukaba gadi mkubwa, Iverson akaachiwa kazi ya kukimbia na kufunga. Mwaka 2001 akawa mchezaji bora wa ligi, timu ikafika fainali, na mechi ya kwanza akawapiga Lakers pointi 48. Nne zilizofuata wakapoteza zote, lakini kufika tu ilikuwa kazi.

Na ukitazama vizuri, Thomas alikuwa nusu namba mbili tayari. Al Horford, senta anayejua kugawa, alikuwa anashika mpira nje kidogo ya eneo la kikapu, Thomas anapita kwa kasi na kuuchukua mkononi mwake huku mkabaji wake amekwama kwenye kifua cha Horford. Kwenye karatasi ni pointi gadi, yaani mgawaji, uwanjani ni mtu mwingine.

Mbona Muggsy Bogues, gadi wa NBA wa zamani, alikuwa sentimita 160 na alianza? (Mombasa)

Enzi tofauti. Bogues aliishi kwa pasi na kupora mipira. Ukidunda mpira karibu naye, umeshaupoteza. Leo wangemwinda kwa skrini kila shambulizi.

Kama alikuwa muhimu hivyo, walimwachia kwa nini? (Kigoma)

Agosti 2017 walimpata gadi Kyrie Irving kutoka Cleveland kwa kubadilishana na Thomas, ambaye nyonga yake ilikuwa mashakani. Cleveland alicheza mechi 15 tu kabla ya kupelekwa Lakers.

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu ana sentimita 168, kocha wa timu yetu ya mtaa hamwanzishi. Afanyeje? (Tanga)

Marahaba. Asimuulize kocha kwa nini haanzi, amuulize akiingia atamkaba nani na nani atamsaidia. Kisha amkabe mwenye mpira uwanja mzima, kuanzia chini ya kikapu cha wapinzani. Kule mbali na kikapu chenu urefu hausaidii sana. Na nafasi hubadilika: fainali za 2011, Dallas ikiwa nyuma 2-1 dhidi ya Miami, kocha Rick Carlisle alimwanzisha J.J. Barea, mfupi aliyekuwa akitokea benchi. Dallas ikashinda tatu mfululizo na ubingwa.