Agosti ya Glasgow, mvua yake, na wanaouza "siku kavu"

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Naishi Glasgow, Scotland, mwaka wa tatu sasa, ni muuguzi. Mdogo wangu anafunga ndoa hapa Agosti na ndugu wanakuja kutoka Tanga. Tulipanga sherehe iwe bustanini kwa kuwa ni kiangazi cha huku. Lakini kila Agosti niliyoiona hapa ni mvua na nyuzi joto 16 au 17. Je, ni kawaida, au hali ya hewa imeharibika? Kuna video zinasema ndege zinamwaga dawa ya kuzuia jua. Na kuna bwana mtandaoni anauza kalenda ya "siku kavu zilizothibitishwa" za miezi miwili mbele, kwa pauni 35. Ninunue?

JIBU: Dada yangu, usinunue. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo la haraka. Mengine tutayaeleza taratibu.

Nyuzi 16 na mvua katika Agosti ya Glasgow ni kawaida kabisa. Maswali ya aina hii nayapokea kila mwaka ikifika Juni, kutoka kwa ndugu zetu walioko Glasgow, Dublin, Bergen na Rotterdam, na karibu kila mara kosa ni lile lile. Umeliandika mwenyewe: "kiangazi cha huku". Kiangazi ni neno letu, na kwetu maana yake ni ukavu. Mvua zimekatika, majani yamegeuka rangi, vumbi limetanda barabarani. Sisi majira tunayahesabu kwa mvua na kwa pepo: masika, vuli, kipupwe, kaskazi, kusi. Wazungu wanayahesabu kwa jua. Majira yao ya joto ni miezi ile ambayo jua liko juu zaidi kwao na mchana ni mrefu zaidi, basi. Hakuna aliyeahidi kwamba mvua itakatika. Mtu akishalitafsiri jina hilo kuwa kiangazi, anapanda ndege akiwa na kandambili, na ikinyesha anaona ameibiwa. Halafu anaanza kutafuta mwizi, na video za kumwonyesha mwizi hazikosekani.

Jua lenyewe halina upungufu. Tarehe 21 Juni, wakati wa adhuhuri, jua la Glasgow hufika nyuzi 57 hivi juu ya upeo wa macho. Siku hiyohiyo la Dar es Salaam hufika nyuzi 60, kwa kuwa mwezi huo limehamia kaskazini ya ikweta na sisi tuko kusini yake. Ukisimama chini huwezi kuitambua tofauti hiyo. Kisha la Glasgow hukaa angani saa 17 na nusu, wakati la Dar halimalizi saa 12. Ukipiga hesabu ya siku nzima, juu ya mawingu, Glasgow ya Juni inapokea nguvu nyingi zaidi ya jua kuliko Dar. Sasa mbona Dar mchana huo ni nyuzi 29 na Glasgow ni 18?

Kumbuka Coco Beach saa saba mchana. Ukivua viatu mchanga unakuunguza nyayo, unaruka hatua kumi mpaka majini, na maji hayaunguzi, ingawa jua lililowaka juu yao tangu asubuhi ni moja. Kilo moja ya maji inahitaji jouli 4,200 hivi ili ipande nyuzi moja, kilo ya mchanga mkavu inatosheka na 800 hivi. Na kuna zaidi ya hapo. Ukichimba mchanga ule kwa vidole, chini kidogo tu ni wa baridi, maana joto lote limebaki juu juu. Baharini mwanga unazama mita nyingi, mawimbi yanachanganya maji ya juu na ya chini, na sehemu kubwa ya joto inaishia kwenye kugeuza maji kuwa mvuke. Bahari hupata joto kwa uvivu mkubwa, na kulipoteza pia kwa uvivu.

Maji ya magharibi mwa Scotland hutoka kwenye baridi, mwezi Machi, yakiwa na nyuzi 7 au 8. Yanapanda kidogo kidogo hadi kilele chake karibu na Agosti, na kilele hicho ni nyuzi 13 au 14. Upepo wa kawaida wa Glasgow hutoka kusini-magharibi, na unapofika umeshasafiri siku kadhaa juu ya maji hayo. Hewa inafika na joto la bahari iliyoivuka. Linganisha na Moscow, ambayo iko karibu latitudo ileile lakini bara limeizunguka pande zote: mchana wa Julai huko ni nyuzi 24 au 25, wakati Glasgow ni 19 au 20. Ila Januari Moscow wastani wake ni nyuzi 6 chini ya sifuri na Glasgow ni 4 juu. Bahari inayokunyima joto la Agosti ndiyo iliyokuokoa na theluji ya magotini ulipokuwa ukitoka zamu ya usiku Januari.

Hiyo ni baridi. Mvua ni jambo jingine, na hapa hata waliosoma huchanganya, wanadhani kila pwani yenye bahari ya baridi lazima inyeshe. San Francisco iko ukingoni mwa bahari ya baridi. Mchana wake wa Julai ni nyuzi 19 hivi, ukungu unaingia kutoka baharini jioni, na mvua karibu hakuna mwezi mzima. Lisbon nayo inapakana na Atlantiki ileile ya Glasgow, na Julai yake ni kavu. Miji hiyo miwili, kila mmoja kwa upande wake, hukaa chini ya mgandamizo mkubwa wa hewa. Lisbon inafunikwa na ule unaotanda kwenye visiwa vya Azores. Chini ya mgandamizo mkubwa hewa inashuka, na hewa inayoshuka inakauka, mawingu ya mvua hayapati nafasi ya kukua.

Glasgow iko kaskazini mwa mwavuli huo, kwenye njia ya mifumo ya mgandamizo mdogo inayotoka Atlantiki. Kilomita 9 au 10 juu ya ardhi kuna mto wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, nao ndio unaoiongoza mifumo hiyo. Majira ya joto mto huo hupungua nguvu na kusogea kaskazini. Kwa mtu wa Hispania, njia imehama. Kwa mtu wa Scotland au wa magharibi mwa Norway, njia bado inapita mlangoni. Kila mfumo unakuja na hewa ya joto yenye unyevu inayopandishwa juu ya hewa ya baridi. Ikipanda inapoa, na mvuke wake unageuka wingu lile la kijivu unalolijua, la siku nzima, lisilo na radi wala fujo, linalomwaga manyunyu tu. Mto wa upepo ukikwama kusini kidogo, kama 2012, Uingereza nzima inalowa, na majira yale ya joto yalikuwa ya mvua nyingi kuliko yote kwa miaka 100 hivi. Mgandamizo mkubwa ukija kukaa juu yao na hewa ikatoka kusini, mambo yanageuka: tarehe 19 Julai 2022 Coningsby, England, ilifika nyuzi 40.3, na Scotland yenyewe, pale Charterhall, 34.8.

Ongeza milima. Hewa ya baharini ikigonga milima ya magharibi inalazimika kupanda tena, ndiyo maana kuna sehemu za huko zinazopata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Glasgow inapata zaidi ya 1,100, na Edinburgh, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kuelekea mashariki, kama 700 tu, kwa sababu hewa inafika ikiwa imeshamwaga mzigo wake. Na nikuambie jambo ambalo wengi hawaliamini: jumla ya mvua ya Glasgow kwa mwaka haiko mbali na ya Dar es Salaam. Dar inapokea sehemu kubwa kwa kishindo, Aprili peke yake inaweza kuzamisha Jangwani. Glasgow inaigawa mvua yake kwenye siku zaidi ya 160. Kinachokuchosha ni hesabu ya siku, wala si wingi wa maji.

Kuhusu ndege sitakaa sana. Mstari mweupe nyuma ya ndege ni mvuke wa injini ulioganda kuwa barafu kwenye baridi kali ya huko juu, sawa na pumzi yako inavyoonekana asubuhi ya Januari. Wanaodai kwamba mvua inatengenezwa na mitambo ya utafiti ya HAARP ya Alaska nao wajue kwamba mitambo ile inachunguza anga la juu sana, kuanzia kilomita 80 hivi kwenda juu, na mvua ya Glasgow inatengenezwa chini ya kilomita 12. Scotland ilikuwa na majira ya joto yenye mvua kabla ndege hazijabuniwa.

Linaloniudhi kweli ni huyo bwana wa kalenda. Tangu Edward Lorenz, mwanasayansi wa hali ya hewa wa Marekani, alipochapisha kazi yake mwaka 1963 tunaelewa kwa nini utabiri wa siku kwa siku unafika mahali unakatika: tofauti ndogo mno katika vipimo vya leo hukua hadi, baada ya wiki mbili hivi, picha mbili za anga hazifanani tena. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa, ambacho kompyuta zake ni miongoni mwa kubwa duniani katika fani hii, huendesha utabiri mara 50 kwa wakati mmoja, kila mara kikibadilisha vipimo vya mwanzo kidogo, ili kuona matokeo yanatawanyika kiasi gani. Siku tatu au nne mbele yanakwenda pamoja vizuri. Siku kumi mbele yameshaanza kuachana. Na huyo, akiwa na simu na ukurasa wa mtandao, anakuthibitishia Jumamosi ya miezi miwili mbele!

Anafanikiwaje? Agosti ya Glasgow, karibu siku moja kati ya mbili hainyeshi mvua ya maana. Akiwauzia watu 100 tarehe za kubahatisha, hamsini hivi watapata siku kavu bila yeye kujua lolote. Hao watamshukuru hadharani na kuweka picha za bibi harusi juani. Waliolowa watanyamaza, wana hema la kukunja na wageni wa kuwaomba radhi.

Kwa sherehe yenu: kama tarehe bado inaweza kusogezwa, jueni kwamba magharibi mwa Scotland Mei na Juni huwa kavu zaidi kuliko Agosti, kwa sababu majira ya kuchipua mgandamizo mkubwa hutulia huko mara nyingi zaidi, na Agosti bahari imeshapata joto la kutosha kuijaza hewa mvuke. Kama haisogezeki, kodini hema lenye kuta za pembeni sasa hivi, si juma la harusi. Anzeni kufuatilia utabiri siku tano kabla. Waambieni wa Tanga waje na sweta, na bibi yeyote apewe kiti mbali na mlango wa hema.

Lakini siwezi kumwachia huyo bwana aondoke na Glasgow peke yake, kwa sababu wenzake wako huku kwetu, na huku hasara ni kubwa kuliko nguo za harusi kulowa. Mwaka mmoja nilimtembelea mkulima wa Handeni aliyelipia ujumbe wa simu kutoka kwa "mtabiri" aliyemtajia tarehe ya kuanza vuli. Tarehe ilifika, ikanyesha siku mbili, akapanda shamba zima. Kisha mvua ikakatika wiki tatu. Nilikuta mahindi ya urefu wa kiganja, majani yamejikunja kama sigara, na yeye ameshatumia mbegu zote. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa mwelekeo wa msimu na kusema "wastani hadi juu ya wastani", watu wanalalamika kwamba hayo si majibu. Ndiyo majibu yenyewe. Uvivu ule ule wa bahari niliokueleza hutupa uwezo wa kusema jambo kuhusu miezi mitatu: Bahari ya Hindi ikiwa na joto upande wa magharibi, vuli yetu huelekea kuwa nzito. Inatuonyesha msimu umeegemea wapi. Tarehe haitupi, na haimpi mtu mwingine yeyote.

Akikutumia ujumbe tena, mwombe kalenda aliyoiuza Agosti ya mwaka jana, kama ilivyokuwa siku aliyoiuza, uiweke kando ya vipimo vya mvua vya kituo cha Glasgow, siku kwa siku. Nimeomba hivyo kwa watu wa biashara hii mara nyingi. Bado nasubiri.