Krimu ya chunusi inaniwasha uso, niache?

SWALI: Shikamoo Shangazi, mi niko Ujiji hapa Kigoma, chunusi ninazo tangu fomu tuu, nimepewa krimu ya adapalini ya asilimia 0.1, sasa wiki ya pili uso unawaka, mwekundu, unabanduka magamba hadi naona aibu kwenda sokoni. Niache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiitupe, pumzika siku kadhaa wekundu upungue, ndo urudi usiku mmoja unapaka, miwili unaacha. Hiyo dawa inaharakisha ngozi kujibadilisha, ndo maana wiki za mwanzo inakauka na kuwasha, wengi huwa inatulia. Na nahisi unajipaka nyingi eti? Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima, ngozi iwe imekauka kabisa, tena tanguliza losheni isiyo na manukato. Skrabu na ndimu acha kabisa, ndimu ni ya dagaa bwana! Mchana kofia na sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, ya SPF 30, maana jua la ziwani unalijua. Chunusi zenyewe zipe kama wiki 12. Ila ukivimba, ukitoka malengelenge au ukiwa na mimba, acha leo hiihii ukamwone daktari.