Maswali na Majibu: Wahindi na Waafrika katika Historia ya Kenya

Je, Wahindi wote wa Kenya wametokana na vibarua wa reli? (Msomaji, Kisumu)

La. Kati ya mwaka 1896 na 1901 waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa kwenda bara. Takriban 2,500 walifia kazini, wengi wa waliosalia wakarejea kwao, na wasiozidi 7,000 ndio waliobaki. Wenye maduka wengi walijilipia nauli wakiwafuata jamaa zao, na tena Zanzibar na Mombasa zilikuwa na wafanyabiashara wa Kigujarati kabla ya reli kuanza kujengwa.

Nasikia Mhindi alidai uhuru wa Kenya hadharani. Ni kweli au ni chumvi? (Msomaji, Machakos)

Ni kweli, na kisa chenyewe hakihitaji chumvi. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyefika Nairobi mwaka 1927 akiwa kijana na kufanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, alichukua uongozi wa chama cha wafanyakazi mwaka 1935 na kukifungua kwa watu wa rangi zote, jambo ambalo serikali ya kikoloni ililiogopa kuliko migomo yenyewe. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, mbele ya mkutano wa pamoja wa Waafrika na Wahindi, alitaka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Mwezi uliofuata yeye na Kubai walikamatwa, wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, naye Singh akazuiliwa katika sehemu za mbali za kaskazini hadi Oktoba 1961. Kwa maoni yangu, serikali ya uhuru haikumtendea haki: hakupewa wadhifa wowote wa maana hadi alipofariki mwaka 1973.

Ikiwa walishirikiana hivyo, mbona babu yangu alimjua Mhindi kama mwenye duka tu? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu serikali ilipanga iwe hivyo. Mishahara ilifuata rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Shule, hospitali na mitaa vilitengwa. Na Mhindi, aliyezuiwa kumiliki shamba katika nyanda za juu zilizotengewa walowezi, alielekea kwenye biashara. Hata hivyo, haitoshi kumtwika mkoloni lawama yote. Wapo wenye maduka waliowakopesha wateja wao hadi mavuno, na wapo waliowapunja katika mizani, na familia nyingi zilikataa katakata kuozana na Waafrika hata baada ya ubaguzi wa kisheria kuondolewa.

Kanga ni ya nani hasa? (Msomaji, Tanga)

Tazama kanga ya zamani kutoka Mombasa: karibu na jina, yaani ule msemo ulioandikwa kwenye kanga, utakuta chapa ya K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”, alama ya duka la Kihindi la Kaderdina Hajee Essak. Mfanyabiashara ndiye aliyeagiza nguo viwandani, lakini wanawake wa pwani ndio walioamua ipi ivaliwe na ipi idode dukani. Mimi ningesema ni yao.

Pio Gama Pinto alihusiana vipi na Malcolm X? (Msomaji, Nairobi)

Walikutana Nairobi mwaka 1964, Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alipozuru Kenya. Pinto, aliyezaliwa Nairobi kwa wazazi kutoka Goa, pwani ya magharibi ya India, alikuwa amezuiliwa na Waingereza kuanzia mwaka 1954 hadi 1959, kwa muda katika kisiwa cha Manda, kwa kuwasaidia wapiganaji wa Mau Mau. Baadaye akawa mbunge na mkosoaji mkali wa ugawaji wa ardhi. Malcolm X aliuawa New York tarehe 21 Februari 1965. Siku tatu baadaye Pinto alipigwa risasi garini, langoni mwa nyumba yake Nairobi, bintiye mdogo akiwamo. Kisilu Mutua, aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, aliachiliwa mwaka 2001, akisisitiza tangu mwanzo kwamba hakuwa na hatia. Waliopanga mauaji hayo hawajawahi kufikishwa mahakamani.